Wino wa Njano Umekwisha

Ndugu msikilizaji, leo naomba nikuchukue hadi Mchukwi, jirani na Kibiti, katika nchi ya Warufiji. Huko ndiko kwetu, na huko mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana kibanda cha steshenari. Kibanda chenyewe si kikubwa. Kina meza moja, kompyuta moja, mashine ya fotokopi inayougua mara kwa mara, bahasha, kalamu, madaftari, na printa. Mazungumzo ya leo yanahusu hiyo printa, au tuseme yanahusu kile kinachotiwa ndani yake.

Mwaka juzi, msimu wa fomu za mikopo ya elimu ya juu, nilikuwa nyumbani kwa shughuli ya arobaini. Asubuhi moja nikaketi kibandani kwa mpwa wangu kupunga upepo. Akaja binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita. Alikuwa ametoka visiwani huko delta, akapanda boti hadi Nyamisati, kutoka hapo bodaboda, na akafikia kwa shangazi yake Mchukwi. Fomu yake ilikuwa kwenye flashi. Kwa wasioijua kazi hiyo, fomu ya mkopo hujazwa kwenye intaneti, lakini lazima ichapwe kwenye karatasi, ipelekwe kwa kiongozi wa kijiji ikagongwe mhuri, iende kwa wakili au hakimu, kisha irudishwe tena kwenye kompyuta. Na muda wake una mwisho. Siku hiyo zilikuwa zimebaki siku tatu.

Mpwa wangu akabonyeza. Printa ikanguruma, ikavuta karatasi nusu, ikasimama na kuwasha taa nyekundu. Kwenye kioo cha kompyuta yakatokea maneno kwamba wino wa njano umekwisha.

"Mjomba," akaniambia, "hii fomu ni nyeusi tupu. Njano ya nini?"

Sikuwa na jibu. Katriji nyeusi tulikuwa tumeiweka juma lile lile. Akaichomoa, akaipangusa, akairudisha. Akazima mashine, akawasha. Akazima tena, akawasha tena. Baadaye nilikuja kujua kwamba kila alipofanya hivyo alikuwa anamwaga wino mwingine, na habari hiyo nitaifikia. Yule binti alisubiri kama saa nzima, akashukuru kwa adabu, akapanda bodaboda kwenda Kibiti mjini kutafuta printa nyingine. Bei ya kuchapa karatasi moja kibandani kwetu ilikuwa shilingi 300. Nauli yake ya kwenda na kurudi ilikuwa mara nyingi zaidi ya hizo.

Sasa niungame. Printa ile niliinunua mimi. Niliitoa Kariakoo kwa shilingi 130,000 baada ya kuvutana na muuzaji, nikajiona mjanja, nikaituma kwa basi kama zawadi. Dada yangu alipoiona alisema rahisi huvunja upishi, mimi nikacheka. Katriji zilikuwa nne: nyeusi, njano, nyekundu na buluu. Zile zilizokuja na mashine zilikwisha upesi ajabu, maana wenye viwanda wengi hutia wino pungufu katika katriji za kuanzia. Tulipokwenda kununua nyingine, nyeusi peke yake ikawa shilingi 35,000. Kwenye boksi imeandikwa kurasa 175. Piga hesabu: shilingi 200 za wino kwa kila karatasi, hujaweka karatasi yenyewe, hujaweka umeme. Na hizo 175 ni za maabara. Mpwa wangu aliandika kwenye daftari kila ukurasa uliotoka, na katriji ile haikufikisha 100. Kwa maneno mengine, kijana alikuwa anauza ukurasa kwa shilingi 300 ambao wino wake peke yake umemgharimu zaidi ya 350. Kila mteja aliyeingia alikuwa anamtia hasara, naye akimkaribisha kwa tabasamu.

Hasira ya siku ile ndiyo iliyonifanya nianze kuuliza habari za wino, tangu huko nyuma. Na nianze hapo hapo Mchukwi.

Babu yangu mzaa mama alikuwa mwalimu wa chuo, nazungumzia chuo cha kusomesha watoto Kurani. Wino wake aliutengeneza mwenyewe. Alikwangua masizi kwenye vyungu na juu ya taa za kibatari, akayasaga, akachanganya na maji na gundi ya mti, akauweka kwenye kichupa. Kalamu yake ilikuwa tete lililochongwa kwa kisu. Jambo ambalo utotoni sikulielewa ni kwamba alikuwa na wino wa namna mbalimbali. Wa kuandikia ubao aliupunguza gundi, kwa kuwa ubao huoshwa mtoto akishahifadhi somo lake, na wino usiotoka ungeharibu ubao. Wa kuandikia karatasi aliuzidisha gundi ili ushike. Na wa kombe ulikuwa zafarani, unaandikwa kwenye sahani, unaoshwa kwa maji ya waridi, na mgonjwa anakunywa. Wino wa kunywewa, ndugu msikilizaji! Huwezi kumpa mgonjwa anywe kitu ambacho hujui ndani yake mna nini. Babu alijua, maana alikuwa ameupika mwenyewe.

Pwani yetu hii ni nchi ya kuandika tangu zamani. Kusini ya mto Rufiji kuna Kilwa, na barua za Kiswahili za zamani kuliko zote zinazojulikana zilitoka Kilwa. Ziliandikwa kwa hati za Kiarabu kuanzia mwaka 1711, zikapelekwa kwa Wareno, na mpaka leo zimehifadhiwa Goa, India. Miaka zaidi ya 300, na wino wake unasomeka. Huko kaskazini, mwaka 1858, Mwana Kupona binti Mshamu alipotaka kumwachia binti yake wosia, jambo la kwanza alilomwambia ni aje na wino na karatasi. Wino ulikuwa kitu cha nyumbani, kama chumvi na mafuta ya nazi.

Mambo yalianza kubadilika zilipokuja mashine za kuchapa. Wamisionari wa Kiingereza waliofika Unguja mwaka 1864 walikuwa na mtambo wao, na vijana waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakafundishwa kupanga herufi. Mwaka 1888 likatoka gazeti la Msimulizi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wakati wa Mjerumani, Tanga ikawa na gazeti lake la Kiongozi, likichapwa shuleni. Wino wa mtambo si wino wa masizi ya kibatari. Ni mzito, una mafuta, na ulikuja kwa meli pamoja na karatasi. Mashuleni nako wakaleta wino wa unga, unachanganywa na maji na kumiminwa kwenye vidau vilivyokaa katika matundu ya madawati. Wazee wetu wengi waliosoma wakati wa Mwingereza walirudi nyumbani na vidole vya buluu. Baadaye kalamu za bik zikaua vidau, na madawati yakabaki na matundu ambayo sisi wajukuu tulikuwa tunatupia maganda ya karanga.

Hapo sikai sana. Nataka kufika kwenye saiklostaili, kwa sababu hiyo niliishika kwa mikono yangu.

Vijana wa leo hawaijui. Saiklostaili ni mashine ya kutoa nakala nyingi, na mmoja wa waliokuwa mbele katika kuivumbua alikuwa Mhungaria aliyehamia London, David Gestetner, katika miaka ya 1880. Unachukua karatasi nyembamba iliyopakwa nta, inaitwa stensili. Unaiweka kwenye taipureta, unauondoa utepe wa wino ili herufi ziipige stensili yenyewe na kuitoboa. Ukikosea, unapaka dawa nyekundu yenye harufu kali, unasubiri ikauke, unapiga tena. Kisha stensili inavishwa kwenye pipa la mashine, wino unapita kwenye vile vitobo, unazungusha mkono wa mashine, na karatasi zinatoka moja baada ya nyingine. Haikuhitaji umeme. Katika wilaya kama Rufiji ya enzi zile hilo halikuwa jambo dogo.

Nilipokuwa sekondari mwanzoni mwa miaka ya 1990, mitihani yetu yote ya muhula ilikuwa ya saiklostaili. Karatasi ilikuja ikiwa na harufu yake, na herufi "o" imejaa wino kama jicho lililovimba. Ofisi ya mashine ilifungwa kwa kufuli mbili, na stensili zilizotumika zilichomwa moto mbele ya mwalimu wa taaluma, kwa sababu wajanja walikuwa wakiziokota jalalani, wanazishika kwenye mwanga wa jua na kuusoma mtihani wa wenzao wa mkondo wa pili. Sisemi nimejuaje.

Wino wa saiklostaili ulikuja kwenye bomba kama dawa ya meno, kubwa zaidi tu. Mwenye kiwanda cha mashine aliuza pia stensili na wino, na bila shaka angependa ununue kwake daima. Lakini lile pipa lilikuwa bati tu. Halikuweza kujua wino umetoka kwa nani. Ulipoadimika, mwalimu wetu aliuzimua kwa mafuta ya taa, herufi zikafifia, mtihani ukafanyika. Ni kama kandili. Kandili haikuulizi mafuta umeyapima duka gani.

Nao uliadimika kweli. Baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilikauka, na kila kitu cha kutoka nje kikawa cha kupanga foleni: sabuni, betri, vipuri, na katika orodha hiyo karatasi, utepe wa taipureta na wino. Kaka zetu waliotutangulia walifanya mitihani iliyoandikwa ubaoni kwa chaki. Bajeti ya mwaka 1984/85 iliporuhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, madukani vikaanza kuonekana tena vitu ambavyo watoto walikuwa hawajapata kuviona.

Sasa hapa kuna kisa ambacho wengi wamekisahau. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Naam, kompyuta. Hazina ilikuwa imefunga kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, lakini kufikia miaka ya 1970 wakubwa walikuwa wamechoshwa na gharama, na hesabu zisizokwenda sawa, na kutegemea wataalamu wa kigeni. Amri ikatoka. Atakayetaka kompyuta lazima awe na kibali maalumu. Televisheni, kwa upande wa Bara, tulikuja kuipata rasmi mwaka 1994, wakati wenzetu wa Zanzibar walikuwa wakiangalia picha za rangi tangu 1973.

Watu wa umri wangu tumezoea kuicheka amri ile. Nami nimeicheka, tena hewani. Iliturudisha nyuma miaka mingi na ilikuwa vigumu kuitetea, hata walioitoa waliiacha ilegee kidogo kidogo wakati wa mageuzi ya uchumi. Lakini siku ile kibandani, nikitazama taa nyekundu, niliwafikiria wale wakubwa wa 1974 kwa heshima kidogo. Walikuwa na swali: mashine hii tukishainunua, nani atakuwa anatuuzia vitu vyake, na kwa bei ya nani? Dawa waliyoitoa ilikuwa mbaya, ila ugonjwa waliuona. Sisi tuliokuja baadaye tulifungua milango yote bila kuliuliza swali lenyewe. Mimi kule Kariakoo niliuliza bei ya printa. Sikuuliza bei ya katriji.

Na hiyo katriji ina historia yake, haikuanza kama hila. Mwaka 1977, katika maabara za kampuni ya Canon huko Japani, mtafiti Ichiro Endo aligusisha kwa bahati mbaya chuma cha moto cha kulehemu kwenye sindano yenye wino, na wino ukaruka kwenye ncha. Akatambua kwamba joto linaweza kurusha tone. Miaka miwili baadaye wahandisi wa Hewlett-Packard kule Marekani wakafikia jambo hilo hilo kwa njia yao. Kwa hiyo printa ya namna hii hufanya kazi kwa kuchemsha: ndani ya kichwa chake mna vitundu vyembamba kuliko unywele, kila kimoja na kijipasha-moto chake, wino unapata joto la ghafla, kiputo kinatokea, tone linarushwa kwenye karatasi. Mara maelfu kwa sekunde.

Taabu yake ni kwamba vitundu hivyo huziba. Wino ukikauka humo, mashine nzima imekufa. Wahandisi wakapata wazo: vitundu na wino viwekwe pamoja katika kijisanduku kimoja, kikiisha au kikiziba kitupwe kiwekwe kingine. Ndivyo ilivyotoka printa ya ThinkJet mwaka 1984, kwa dola 495. Mwaka 1988 ikafuata DeskJet, dola 995. Angalia bei hizo. Wakati huo mashine ndiyo iliyokuwa ghali, na katriji ilikuwa dawa halisi ya tatizo halisi. Hakuna wa kulaumiwa hapo.

Katika miaka ya 1990 mizani ikapinduka. Viwanda vikashindana kushusha bei ya mashine, na mwisho wa muongo huo printa ikapatikana Marekani kwa chini ya dola 100, nyingine zikiuzwa bila faida yoyote au kwa hasara. Faida ilikuwa imehamia kwenye wino. Katriji ndogo ina mililita chache tu, nyingine hata kijiko cha chai hazijazi, na mnunuzi aliyekwisha kununua mashine hana pa kwenda. Ni sawa na mtu akupe jiko kwa bei ya kutupa, halafu liwe halikubali mkaa ila wa kwake.

Mafundi hawakukaa kimya. Kila mji ukapata watu wenye mabomba ya sindano, wanatoboa katriji juu, wanajaza, wanaziba kwa gundi. Dar es Salaam tuliwaona Kariakoo na Posta, vidole vyao vya rangi nne. Mimi nilijaziwa mara kadhaa. Mara nyingine ilikubali, mara nyingine nilirudi nyumbani na mfuko wa suruali wenye ramani ya buluu ambayo mke wangu hajaisahau. Viwanda navyo, kuanzia mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990, vikabandika chipu kwenye katriji. Chipu huhesabu matone, na hesabu ikifika mwisho husema wino umekwisha hata kama fundi ameujaza mpaka juu. Husema pia kama katriji ni ya mwenye kiwanda au ya mtu mwingine. Hapo sasa ndipo lile pipa la bati lilipopata macho.

Septemba 13, mwaka 2016, watu wa nchi mbalimbali waliamka wakakuta printa zao za HP hazikubali katriji za wengine ambazo jana yake zilikuwa zikifanya kazi vizuri. Programu iliyokuwa imelala ndani ya mashine ilikuwa imeamka. Kelele zilipozidi, kampuni iliomba radhi kwa kutoeleza vizuri, ikatoa njia ya kuondoa kizuizi kile kwa aliyetaka. Mfumo wenyewe haikuuacha.

Mwaka uliofuata, Mei 30, 2017, kesi ya katriji ilifika mwisho katika mahakama ya juu kabisa ya Marekani. Kampuni ya Lexmark ilikuwa imeishitaki kampuni ndogo, Impression Products, kwa kununua katriji zilizokwisha kutumika, kuzijaza na kuziuza tena. Mahakama ikasema hapana: ukishauza kitu, haki yako ya uvumbuzi juu ya kitu kile imekwisha, hata kama umekiuza ng'ambo. Jaji Mkuu John Roberts alitoa mfano wa gereji inayonunua magari makuukuu, inayatengeneza na kuyauza. Biashara hiyo ingekufa kama kila mwenye kiwanda cha kipuri angeweza kuidai gereji baada ya kuuza. Mfano huo hata fundi wa Gerezani angeuelewa bila mkalimani. Lakini hukumu haikuondoa chipu. Mahakama ilisema ni halali kujaza, haikusema mashine lazima ikubali.

Mabadiliko makubwa zaidi hayakutoka mahakamani, na hayakutoka Marekani. Yalitoka Indonesia. Mafundi wa kule walikuwa wameacha kuhangaika na sindano. Wakafunga chupa nje ya printa, wakapitisha mirija myembamba hadi ndani, wino ukawa unashuka wenyewe. Wenye steshenari za kule, watu wa kipato kama cha mpwa wangu, wakawa wananunua printa rahisi na kuifunga mirija siku hiyo hiyo. Kampuni ya Epson ikaona imeshindwa kuwazuia. Mwaka 2010 ikatoa huko huko Indonesia printa yenye matangi yake yenyewe, unajaza kwa chupa. Mashine ghali, wino rahisi, yaani mizani ikarudi upande wa pili. Leo ukipita steshenari za Dar es Salaam utaona matangi hayo ubavuni mwa printa kila mahali, na kampuni nyingine zimefuata.

Nilisema nitarudi kwenye kuzima na kuwasha. Printa za wino, zikiwashwa, nyingi hujisafisha: huvuta wino kupitia vile vitundu ili visizibe, na wino huo huenda kwenye sifongo chini ya mashine. Haurudi. Sasa fikiria Mchukwi, siku ambayo umeme umekatika mara tano. Kila ukirudi, mashine inaosha uso kwa wino wa shilingi 35,000. Ndiyo maana kurasa 175 zilikuwa hazifiki 100. Na ile njano? Wenye viwanda wanasema kichwa kikiendeshwa bila wino katika tundu lolote kitaungua au kukauka, kwa hiyo ni kwa faida yako mashine isimame. Tena baadhi ya printa huchanganya rangi kidogo hata katika kuchapa nyeusi. Nimewasikia. Kuna ukweli ndani yake. Lakini mbona zipo nyingine zinazoachia nyeusi iendelee peke yake, na vichwa vyake haviungui?

Mpwa wangu hakuningoja nimnunulie tena kitu. Alikopa kwenye vikoba, akashuka mwenyewe Kariakoo, akanunua printa ya matangi kwa shilingi 550,000, zaidi ya mara nne ya ile zawadi yangu. Kabla ya kulipa aliuliza bei ya chupa ya wino mweusi: shilingi 30,000, mililita 70, na maelezo yake yanasema kurasa zipatazo 4,000. Hata zikitoka nusu yake, wino wa ukurasa mmoja ni shilingi 15. Ilimchukua miezi minane kumaliza deni la vikoba.

Si kwamba shida zimekwisha. Mjini kuna chupa za bandia zenye karatasi nzuri juu na maji ya rangi ndani, na alishaziba kichwa mara moja kwa kufuata bei. Halafu siku moja mashine iligoma kabisa, ikisema sifongo la wino mchafu limejaa. Akampigia simu fundi wa Mbagala, akaelekezwa jinsi ya kurudisha hesabu kuwa sifuri kwa programu fulani kwenye kompyuta, akalipa kwa simu. Sifongo lenyewe akalitoa, akalifua, akalianika juani pamoja na nepi za mtoto.

Yule binti wa visiwani alipata mkopo wake. Niliambiwa na shangazi yake tulipokutana kwenye basi pale Rangi Tatu.

Printa yangu ya zamani bado iko chini ya meza, imefunikwa kitenge. Mwezi uliopita nilipokwenda nyumbani, nilimwambia mpwa wangu asiitupe, kwa kuwa ina kioo kizuri cha kuskani, na kuskani kitambulisho hakuhitaji wino hata tone. Akaitoa, akaipangusa vumbi, akaiunganisha, akaweka kitambulisho changu juu ya kioo na kubonyeza. Ikafikiri kidogo, kisha ikawasha ile taa nyekundu. Ilikuwa inadai wino wa njano.